Mti wa Serikali

Mimi subira sikugawiwa. Mama yangu, aliyekuwa akiuza mchele pale Majengo, alipenda kuwasimulia wateja wake kwamba siku nilipozaliwa mkunga alikuja akanikuta nimeshafika, akabaki kugomba mlangoni. Nikila, nakula nimesimama. Nikikaa ofisini, mguu wangu unagonga chini ya meza mpaka wenzangu wananiuliza kama nina degedege. Nayasema haya mapema kwa sababu yaliyotokea Kisiwani yalitokana na haraka yangu na ulimi wangu, na nimewahi kuwasikia watu wakimcheka mzee wa watu kwa mambo yale. Mzee hakukosea. Niliyekosea ni mimi.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea mwisho. Mimi nilikuwa msaidizi wa ofisa uvuvi wa wilaya, Mpanda. Wavuvi walituita wote Bwana Samaki, kama walivyomwita mwingine Bwana Shamba, na nilipokuja mimi hawakuona sababu ya kubadilisha cheo kwa ajili ya mtu mmoja. "Bwana Samaki kaja, leo kavaa gauni la maua," utasikia wanaambiana ufukweni. Niliwaacha. Nilikuwa na mambo mengine ya kugombana nayo.

Siku hizo mkoa wa Katavi ulikuwa haujazaliwa, sisi tulikuwa chini ya Rukwa, na amri zote zilitoka Sumbawanga. Ikaja barua kwamba kila wilaya yenye ziwa iandike sehemu yake ya mpango wa mkoa: uvuvi utaendeshwaje hali ya hewa ikibadilika, kambi zipi zijengewe na zipi zihamishwe. Mkubwa wangu, mtu mpole aliyekuwa amebakiza miaka michache kustaafu, aliisoma mara mbili, akavua miwani. "Yaani mvua ibadilike yenyewe, halafu sisi ndio tuipangie ratiba?" Akaicheka, kisha akanisukumia mimi ile barua.

Kwetu swali lilikuwa moja tu, nalo ni Kisiwa. Kilikuwa na jina lake la Kipimbwe lakini sisi tulikiita Kisiwa basi, maana upande wetu wa Ziwa Rukwa kilikuwa hicho hicho: mgongo wa mchanga, miti michache, nyumba za nyasi za wavuvi na familia zao. Wanaume walivua magege na kambale, wanawake waliwakausha kwa moshi juu ya vichanja, na wachuuzi wakawafuata kwa mitumbwi. Sasa Ziwa Rukwa halina mlango wa kutokea. Maji yakishaingia hayana pa kwenda, yanasubiri jua liyapunguze, na miaka mingine jua linashindwa. Mkoa ulitaka kujua: Kisiwa kijengewe ghala na majiko ya kukaushia samaki, watu wa kambi nyingine wahamishiwe pale, au watu watolewe kabla ziwa halijawameza?

Ili kujibu, nilihitaji kujua maji yanapanda kiasi gani. Nikamwendea fundi seremala wa Majengo, akanichongea mti wa mninga, mrefu kunipita mimi na nusu yangu tena, tukaupaka rangi nyeupe na kuuandika namba kwa rangi nyeusi toka chini hadi juu. Nikaupakia kwenye lori linalofuata mpunga Usevya. Tukapita hifadhini, mbung'o wakitutafuna, mimi nimeukumbatia mti wangu kama bibi harusi. Kutoka Usevya nikatafuta vijana wa kunibebea mpaka ziwani, halafu mtumbwi.

Kisiwani waliniambia mtu wa kuaminika ni mmoja. Alikuwa mvuvi wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, anajua kusoma na kuandika vizuri, na nyavu zake zilikuwa zinasifiwa ziwa zima kwa jinsi alivyozishona na kuzikunja. Shati lake lilikuwa limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, na jua lile! Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha kiti. Sikukaa. Lori lilikuwa linaondoka Usevya alasiri.

Tukauchimbia mti ufukweni, mahali maji yanafika magotini, mbali kabisa na nyumba yake. Nikampa daftari nililolichorea mistari mwenyewe, upande huu tarehe, upande huu namba. "Kila asubuhi, mzee, uangalie maji yamefika namba ngapi, uandike. Na huu mti ni mali ya serikali. Usipotee! Maji yakiuchukua, mimi na wewe hatutaelewana."

Nilisema kwa ukali, ndivyo ninavyosema nikiwa na haraka. Mti ulikuwa wa nini sikumweleza.

Akauliza kwa taratibu kama ningeweza kuandika pale mwanzoni mwa daftari kwamba nimemkabidhi. Nikaandika upesi upesi: nimemkabidhi mti mmoja mzima. Nikasaini. Akaisoma saini yangu kama anasoma waraka wa kanisani, nami nikakimbilia mtumbwi.

Mvua za mwaka ule zilikuja, zikaisha. Wachuuzi wakaniletea daftari Mpanda. Jamani, lilikuwa safi! Hakuna siku iliyorukwa, hakuna wino uliomwagika. Na namba zote ziligota pale pale, leo mbili, kesho tatu, keshokutwa nne, halafu mbili tena. Msimu mzima wa mvua na ziwa halijafika hata namba tano. Nilifurahi kama mtu aliyeokota pesa. Nikaandika sehemu yetu ya mpango kwa siku mbili: Kisiwa ni imara, kijengewe, watu waongezwe. Mkubwa wangu aliuliza, "Una hakika? Wachuuzi wanasema ziwa limejaa." Nikamjibu kwamba wachuuzi wana midomo, mimi nina namba. Karatasi zikaenda Sumbawanga.

Kiangazi nikatumwa nikachague mahali pa kujenga ghala, nikabeba daftari nimrudishie mzee, na barua ya wilaya ya kuwaambia wakazi wakae kwa amani, kisiwa chao ni salama. Niliisoma mbele yao nikiwa bado na tope miguuni. Wakapiga makofi. Wengine wakasema watawaita ndugu zao. Ndipo nikageuka kuutazama mti wangu, nikauona umesimama hatua chache kutoka mlangoni kwa mzee.

Nilidhani macho yangu yananidanganya. Nikatazama kule tulikouchimbia. Kulikuwa na maji matupu, na vichwa vya nguzo za kichanja fulani vikichungulia. Kichanja kile nilikuwa nimekipita kwa miguu mikavu.

"Mzee, huu mti umehama?"

"Nimeuhamisha mara saba, mwanangu," alisema, na alisema kwa fahari. "Maji yakinifika kifuani mawimbi yanautikisa. Naung'oa, nausogeza huku mpaka magotini. Ulisema usipotee. Haujapotea."

"Na kwenye daftari hukuandika kwamba umeuhamisha?"

Alilichukua daftari, akanionyesha mistari yangu mwenyewe. "Hapa umeweka tarehe. Hapa umeweka namba. Pa kuhama hujaweka."

Nilimfokea. Sitaficha. Nilimwambia maneno ambayo hutamwambia mtu anayelingana na baba yako, mbele ya watu, nikamwita mjinga. Yeye alisimama wima, vifungo vyote vimefungwa. Mke wake ndiye aliyetoka kwenye moshi wa vichanja, akanivuta kando. "Wewe binti, usimtishe mume wangu na mali ya serikali," aliniambia. "Aliwahi kulinda ghala la ushirika. Mizani ikapotea kwenye zamu yake. Hakuiba, lakini alikaa ndani, na alipotoka hakurudi kijijini kwao kwa aibu. Ndiyo maana tuko huku. Wewe ukamletea mti, ukamwambia usipotee. Unajua anaamka mara ngapi kuutazama?"

Hasira ikanitoka yote, ikabaki aibu, na aibu kwangu ni kitu kizito kuliko hasira kwa sababu haina pa kuitupia. Nikarudi kwa mzee nikamuuliza kwa sauti ya binadamu: ulijua maji yanapanda? Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kila mtu hapa anajua maji yanapanda. Wewe uliuliza namba."

Nikawaambia wakazi pale pale kwamba barua niliyoisoma ina makosa, wahamie bara kabla ya mvua. Wakatazamana. Mmoja akasema, kwa adabu, "Bwana Samaki, ya kukaa umetuletea barua ina muhuri. Ya kuhama unatuletea mdomo?" Walikuwa na haki. Kabla sijaja mimi walikuwa wameshahamishwa kwa mdomo kutoka ukingo mmoja wa ziwa, na baadaye wakaambiwa hakuna aliyewatuma. Nikaahidi nitaleta barua ya pili.

Kikao cha mkoa kilikuwa baada ya wiki chache, Sumbawanga. Baridi ile ya huko juu, na mimi sikubeba hata sweta. Mpango ulikuwa umeshapigwa chapa, jalada la kijani, na Kisiwa chetu kimo kwenye orodha ya mahali pa kujengwa. Watu walikuwa wanasoma ukurasa mmoja mmoja, taratibu, mguu wangu unagonga chini ya meza. Walipofika sehemu ya Mpanda nikasimama kabla ya kuitwa. Nikasema namba za Mpanda si za kweli, aliyezileta ni mimi, mti wa kupimia ulikuwa unahamishwa kila maji yanapopanda. Nikaeleza kwa nini.

Ukumbi ulicheka. Walicheka mpaka wengine wakafuta macho. Nilitaka kuwarukia. Mwenyekiti, aliyekuwa mtu wa heshima, alisubiri kicheko kiishe, akasema, "Tumekusikia, mama. Kitabu kimeshatoka. Yatarekebishwa kwenye awamu ijayo."

"Na mvua nayo tuiambie isubiri awamu?"

"Karibu chai," alisema.

Redio ilikuwa imeshaanza kutaja El Nino. Nilirudi Mpanda juu ya magunia ya mahindi, nikaingia ofisini na vumbi langu, nikamweleza mkubwa wangu yote. Alivua miwani, akaifuta, mimi nazunguka chumba. Mwishowe akasema wilaya haiwezi kuandika barua inayopinga mpango wa mkoa, na yeye hawezi kusaini kitu kama hicho akiwa amebakiza muda mfupi vile. Nikafungua mdomo. Akainua mkono. "Sijamaliza. Mimi naenda kunywa chai. Muhuri uko mezani."

Mama yangu angesema haraka haraka haina baraka, lakini mama hakuwepo. Nilikaa kwenye mashine ya chapa nikaandika kabla mkubwa wangu hajabadilisha mawazo. Barua fupi: wakazi wote wa Kisiwa wahamie bara, kwenye mwinuko, pamoja na familia zao na mali zao, kabla mvua hazijaanza. Nikagonga muhuri. Nikakimbia stendi ya malori nikaikabidhi kwa mchuuzi wa samaki wa Usevya, mama mmoja mwaminifu niliyekuwa namjua, apeleke mkono kwa mkono. Nilipotoka pale nilijiona nimetua mzigo.

Mvua zikaanza, na zile hazikuwa mvua za kwetu. Zilinyesha asubuhi, mchana, jioni, wiki kwa wiki. Mtaani Nsemulwa nyumba za tope zikalala. Barabara ya Sitalike ikakatika. Nilikuwa natembea ofisini kutoka dirishani hadi mlangoni, nikijiambia wameshahama, barua ilifika, muhuri ulikuwepo. Kisha yule mchuuzi akatokea, ameongozana na watu waliozunguka njia za porini kwa miguu siku kadhaa. Nilimdaka kabla hajaketi.

"Wamehama?"

"Wamehama wote. Barua waliisoma kwa sauti, siku ya pili wakaanza kupakia. Mke wa mzee yuko Usevya, anakaa kwa dada yake."

"Na mzee?"

Alivuta khanga yake mabegani. "Mzee kabaki. Anasema barua imesema watu wahame na mali zao. Mti si mali yake. Anasema haujatajwa, na wewe hujamruhusu kuung'oa Kisiwani."

Ee Mungu wangu. Nilikaa chini, mimi ambaye sikai. Niliyaona maneno yangu kama nilivyoyachapa, nikajua anachosema ni kweli, mti haumo. Kwenye barua nzima yule mtu hayumo.

Kesho yake nilipanda gari la kwanza lililothubutu. Likazama kwenye tope kabla ya Sitalike. Tulilisukuma, likazama mbele zaidi, tukalala njaa humo siku mbili, na mto ulikuwa umepanda juu ya barabara, viboko wanaogelea pale ambapo tulizoea kununua karanga. Nikataka kuvuka kwa miguu. Dereva na utingo wake walinikamata mikono. Niliwatukana wote wawili, na ninawashukuru hadi leo. Nikarudi Mpanda kungoja, kazi ambayo Mungu hakuniumbia. Sikula vizuri. Kila lori lililoingia nilikuwa chini yake nauliza. Wengine walisema Kisiwa hakionekani tena. Mmoja alisema ameona mtumbwi umepinduka. Nilimuuliza wa rangi gani, kana kwamba mitumbwi ya kule hupakwa rangi. Nilikuwa nimeshaanza kutunga moyoni nitakachomwambia mke wake, na kila nilipofika kwenye neno la kwanza nalikosa.

Barabara ilipofunguliwa, asubuhi moja, nikasikia kelele nje ya ofisi. Watu walikuwa wanacheka. Nikatoka.

Mzee alikuwa anashuka kwenye lori, anawaagiza vijana wapokee taratibu, wasiukwaruze. Mti wangu wa mninga ukashushwa, rangi imebanduka huku chini, namba za juu bado zinasomeka. Mzee alikuwa pekupeku, amekonda vibaya, shati limefungwa mpaka shingoni. Nilitaka kumkumbatia, nikashindwa, nikabaki kusema shikamoo, shikamoo, mara tatu.

"Marahaba," alisema. "Nimeleta mti. Kule hakuna tena mahali pa kuusimika. Nilisogeza, nikasogeza, nikafika ndani ya nyumba, na nyumba ikaondoka."

Tukaingia ndani. Nikampa kiti changu. Nikamuuliza alitokaje, akasema mtumbwi wake ulikuwa mdogo, mti ulichukua nafasi kubwa, ilibidi aache kitu.

"Uliacha nini?"

"Nyavu."

Nilimwangalia. Zile nyavu zilizosifiwa ziwa zima. Mvuvi asiye na nyavu, na umri ule, na nyumba imekwenda. Nikaanza kulia, mbele ya mkubwa wangu na kila mtu. Nikamwambia mzee wangu, mti ni kipande cha ubao, fundi angenichongea mwingine kwa siku moja, kwa nini hukuuacha, kwa nini?

Alionekana kunionea huruma. "Nyavu zilikuwa zangu, Bwana Samaki. Mti ni wa serikali."

Akatoa daftari kifuani, amelifunga kwenye mfuko wa nailoni. Akalifungua ukurasa ule wa kwanza, penye saini yangu ya haraka, akaniwekea kidole chini yake. Alitaka niandike kwamba nimepokea. Nikaandika, polepole safari hii, mti mmoja mzima, nikasaini. Akasoma. Akalikunja daftari, akalishika kwa mikono yote miwili, akasimama.

"Kwa hiyo sasa naweza kwenda?"

"Nenda, mzee," nilimwambia. Lilikuwa neno moja tu, na kwenye ile barua niliyoituma Kisiwani nafasi ya kuliandika ilikuwepo.